Sufuria Ndani ya Sufuria: Vile Wamathe wa Ubwari Huseti Jiko

Ukifungua TikTok sai utapata manzi wa aproni nyeupe akimimina mchele kwa mikebe ya kioo, kila mkebe na stika yake, halafu anakushow eti maisha imejipanga. Wewe uko kwa singo yako Kayole. Sufuria zimelala chini ya kitanda, kikaango iko juu ya meko na mafuta ya jana, mfuniko ulipotea Disemba, na mwiko unausakanga wakati ugali ishaanza kushika. Unacheki bei ya hiyo mikebe, unazima data.

Wacha hiyo mikebe ikae dukani. Kuna wamathe wako na jiko safi kushinda hiyo ya video na hawajawahi kujengewa kabati ukutani. Wako Ubwari, na fom yao iko hivi: urembo unakuja mwisho, maswali yanakuja kwanza. Hiki chombo kinafanya kazi lini? Kinakauka wapi? Na siku ya kuhama, kinabebwa aje? Ukijibu hayo matatu jiko inajiseti, iwe ni nyumba ya udongo Ubwari ama bedsita ya Githurai.

Ubwari ni side gani

Toa ramani. Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, mkoa wa Kivu Kusini, teritwari ya Fizi. Hapo kuna rasi ndefu imechomoka ndani ya maji, na hiyo ndio Ubwari. Kati ya rasi na bara kuna Ghuba ya Burton, na mji wa Baraka umekaa kando ya hiyo ghuba. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika ziwani 1858 wakarudi wakiambia watu Ubwari ni kisiwa. Mji wa Fizi wenyewe uko juu milimani. Ng'ambo ya maji ni Kigoma, Tanzania, na maboti huvuka na biashara, sufuria za alumini na mabeseni ya plastiki zikiwa ndani.

Sasa tubonge dishi, juu dishi ndio huamua vyombo. Kuna ugali ya unga wa muhogo. Kuna sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, ikachemshwa mpaka ikakubali, ikaongezwa mafuta ya mawese. Kuna ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, na mikeke, samaki wengine wa hapo, wa kuchoma ama wa kukausha. Maharagi, lengalenga (mchicha), ndizi. Hakuna moja kati ya hizo inaachia sufuria amani. Muhogo unagandana kwa ukuta wa sufuria hadi utafute jiwe. Mawese inapaka kila kitu rangi. Ndagala inaacha harufu yenye itakufuata hadi kwa chai ya asubuhi.

Na jiko yenyewe? Mara nyingi ni kajumba kake kando ya nyumba, ama ni pembe ya uwanja. Moto ni wa mafiga matatu na kuni, ama mbabula na makala, yaani jiko ya makaa. Friji hapana tambua. Sola ikiwepo, ni ya kuchaji simu na kuwasha balbu. Hiyo inamaanisha dishi haibakishwi kwa sufuria siku mbili tatu: ikiisha, chombo kinaoshwa, kinakauka, kinarudi mahali pake. Msee wa Nairobi mwenye sufuria ina maharagwe ya Jumatatu na leo ni Alhamisi, skiza vizuri.

Chini ni ya miguu

Sheria ya kwanza utaiskia kabla hujaingia jikoni: "Mutoto, usiache sufuria chini, panya anaingia mu ndani." Mathe hasemi mara mbili. Chini ni ya miguu, ya kuku na ya panya. Vyombo zinakaa juu.

Juu ni wapi? Ni kichanja. Nje ya jiko, mahali jua linafika, wanapanda miti minne yenye panda, wanalaza fito juu yake, wanaacha nafasi kati ya ufito na ufito, wanafunga na kamba ama misumari. Urefu ni wa kiuno, ndio mathe asivunjike mgongo na mbuzi asifike na mdomo. Upande mmoja unashuka kidogo ndio maji iteremke. Sufuria ikishaoshwa inageuzwa mdomo chini, sahani zinasimamishwa, vijiko zinaingia kwa kikapu chenye matundu, na jua linamaliza kazi. Kitambaa cha kupangusa hakipo kwa hii stori, na hiyo ni akili. Kile kitambaa chako cha jikoni chenye kilioshwa mara ya mwisho wakati wa uchaguzi, ndicho kinarudisha uchafu kwa sahani safi.

Usidhani ni usafi wa kujionyesha. Pwani ya Tanganyika upande wa Kongo, Uvira na Fizi zikiwemo, kipindupindu hurudi karibu kila mwaka. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walipiga kambi Baraka miaka mingi, na huo ugonjwa ulikuwa kati ya kesi zao. Watu wengi huchota maji ziwani, na huosha vyombo hapo hapo ufuoni. Kidudu cha kipindupindu kinaishi poa ndani ya maji, lakini kikikauka kinakufa. Kwa hivyo sufuria iliyokaushwa na jua, mdomo chini, juu ya kichanja, imeshapata dawa bila mtu kutoa franka hata moja.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Kati ya 2020 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda hadi yakaingia nyumba za ufuoni, kutoka Bujumbura na Uvira kuelekea Kalemie, pwani ya Fizi ikiwa hapo katikati. Msee mwenye vyombo zake ziko juu alitoka nazo. Mwenye aliziacha sakafuni alizitafuta kwa matope.

Kwako Nairobi hakuna uwanja wa kupanda miti, sawa. Tafuta kreti ya soda ya plastiki, igeuze kando ya sinki: imejaa matundu, inabeba sufuria nzito, na maji inateremka. Ama nunua rafu ya waya ya sahani. Ama funga waya mgumu kwa balkoni mahali jua la asubuhi hupita, uning'inize na kulabu. Kitu moja tu: usifungie chombo chenye maji ndani ya kabati. Unyevu ndio huita mende, na ndio huleta ile harufu ya ukungu kwa bakuli zako.

Zinalaliana

Cheki sufuria yenye umekulia nayo. Haina mkono. Ina ukingo tu umekunjwa juu, wa kushika na kitambaa, ama na vidole vitupu kama wewe ni mathe. Sufuria za dukani zenye mkono mrefu ni safi kwa picha, lakini huo mkono ndio hukula nafasi yote kwa rafu. Sufuria yetu inaingia ndani ya kubwa yake, hiyo nayo inaingia kwa ingine, na seti nzima inakaa mahali pa moja. Ndio maana ukienda sokoni unapata zimepangwa mnara, na muuzaji anakuuzia seti kuliko moja moja.

Watu wa Fizi wanaijua hii sayansi kwa njia ngumu, juu wamehama. Vita ya 1996 ilivusha watu wengi wa Kivu Kusini hadi Tanzania, na kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma, ikafunguliwa mwaka huo huo. Kuanzia 2005 wengine walianza kurudi kwa meli, kutoka Kigoma hadi Baraka. Mwenye alipita kwa hiyo safari anaijua ile seti ya jiko ya UNHCR, shirika la wakimbizi la UN: sufuria ya lita 7, ingine ya lita 5 inaingia ndani yake, kikaango chenye pia ni mfuniko, na ndani ya hiyo nafasi kunajaa mabakuli, sahani, vikombe na vijiko. Jiko ya familia nzima inatoshea kwa katoni moja. Na bado side hizo hazijatulia. Watu huhama, wengine hukuja. Kambi ya Lusenda, hapo hapo Fizi, ilifunguliwa 2015 ya wakimbizi kutoka Burundi.

Kwa hivyo mathe wa Baraka akipanga vyombo, anapanga akijua inaweza bidi azibebe usiku. Mpango ni huu. Beseni kubwa inakaa chini ya zote. Sufuria zinaingia ndani yake, kubwa hadi ndogo. Sahani zinaingia kwa ile ndogo, kitenge kikuukuu kikizitenganisha zisigongane. Vijiko na kisu ziko ndani ya kopo, makali yakiangalia chini. Mifuniko inalala juu, kitenge ingine inafunga mzigo, na yote inaenda kichwani juu ya ngata. Siku za amani, hiyo beseni inakaa tu kwa kona juu ya tofali na haisumbui mtu.

Wewe pengine hukimbii vita, lakini landlord akiongeza rent utahama tu. Kwa hivyo chukua hizi sheria nne:

Moja, kausha kabla ya kulaza. Sufuria mbili za alumini zikilaliana na maji, zinashikana hadi uite jirani akuvutie, na mahali zimeshikana panageuka peusi.

Mbili, ya kila siku isizikwe. Kama unapika chai kila asubuhi, kasufuria ka chai kasikae chini ya mnara. Weka juu ama kando. Msee akifukua mnara kila siku, siku ya tatu ataacha kupanga.

Tatu, kikaango cha kutoshika kilazwe na kitambaa ama karatasi juu yake. Ile ngozi nyeusi ikikwaruzwa, kikaango kimeisha.

Nne, mifuniko isimame. Mfuniko ukiufunika kwa sufuria yenye imehifadhiwa, nafasi ya kulaliana imekufa na hewa imefungiwa ndani. Chukua kreti ndogo, zisimamishe kando kando, utaona kila moja bila kuinua ingine.

Kila sufuria na kesi yake

Hapa ndio wasee wengi hutoka rada. Wanapanga kwa ukubwa pekee, wanasahau kila chombo na tabia yake. Ubwari, jiko hupangwa kwa kazi, na kazi zenyewe ziko wazi.

Sufuria ya ugali ni ile nzito. Unga wa muhogo unavuta, na mwiko unasukumwa na mabega mawili, kwa hivyo sufuria nyepesi itaruka kutoka kwa mafiga. Ikishapakuliwa, maji inamiminwa saa hiyo hiyo. Ukingoja hadi asubuhi utakuwa unachonga. Mwiko wake hauwekwi ndani ya sufuria kulala. Unaoshwa, unaning'inizwa, mti upumue. Mwiko wenye maji hupasuka, na ndani ya ufa ndio uchafu hujificha.

Sufuria ya samaki inaishi peke yake. Ndagala na mikeke hawataki urafiki na chai. Inasuguliwa na majivu na mchanga wa ziwa, inapitishwa ndimu, halafu inakaa upande wake wa kichanja. Hata kwa bedsita, kama unapenda omena, toa sufuria moja iwe ya hiyo kazi. Chai yako itakushukuru.

Mawese haikai kwa sufuria. Inakaa kwa bidon (jerikeni), kizibo kimekazwa, kivulini, mbali na moto. Jua na joto huiharibu haraka, inaanza kunuka. Bidon ya mawese na bidon ya maji hazibadilishani kazi, na ile yenye ilibeba petroli haiingii jikoni hata ukiiosha wiki nzima. Piga alama: kitambaa chekundu kwa shingo ya bidon ya mafuta, kitambaa cheupe kwa ya maji. Ni bure, na hata mtoi anaelewa.

Chungu kinakaa kwa ngata. Kitako chake ni mviringo, ukikiweka kwa sakafu ngumu kinayumba, siku moja kinagonga ukuta na stori imeisha. Ile ngata ya kubebea maji kichwani, ya majani ya ndizi ama kitambaa kilichosokotwa, ndio kiti chake. Chungu cha maji hupozesha maji juu udongo unapumua, kwa hivyo kiweke mahali pa hewa, kisibanwe na magunia. Cha kupikia kikiwa hakina kazi, kiache wazi hadi ndani ikauke, ndio ukifunike. Ukikifunika na unyevu, kesho kutwa kimeota.

Kinu na mchi ziko na kiti chao pia: kivulini. Kinu ni gogo, na jua kali hukipasua. Kinalazwa ubavu ama kinageuzwa mdomo chini, mvua isijae na kuku asitage. Mchi unasimamishwa ukutani. Mwenye ana kinu kizuri cha sombe anajulikana mtaa mzima, na jioni utaskia zile ngoma za kutwanga ujue nani anadishi nini.

Tukiwa hapo, masizi. Kuni hupaka sufuria nyeusi hadi mikono yako inachafuka ukiibeba. Trik ya kitambo: kabla ya kupika, paka nje ya sufuria matope laini ama uji wa majivu. Masizi yanashika hayo matope, ukiosha yanatoka yote. Sufuria yenye haina masizi unaweza kuilaza ndani ya ingine bila kuchafua seti nzima. Umeona vile usafi wa nje unaingiliana na nafasi?

Na kuna kitu moja ya afya. Zile sufuria nzito za kusubu, zenye hutengenezwa mtaani na alumini ya kuokotwa, ni ngumu na hazina bei mbaya. Lakini chakavu chochote kinaweza kuingia kwa hiyo kalibu. Utafiti uliotoka 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na karibu thuluthi moja ya hivyo viliachia madini ya risasi kiwango cha kuhatarisha afya, hasa ya watoi. Hiyo haimaanishi utupe sufuria ya mathe leo. Inamaanisha usihifadhi dishi humo ndani usiku kucha, na zaidi kama ina nyanya, ndimu ama siki, juu uchachu ndio hula alumini. Pika, pakua, hamisha kwa bakuli ya plastiki ya chakula, kioo ama enameli. Sufuria ni ya kupikia. Kuhifadhi ni kazi ya bakuli.

Ukuta uko na kazi

Ukikosa sakafu na ukikosa kabati, umebaki na ukuta na dari, na hizo ni kubwa kuliko unavyofikiria.

Jiko za kuni ziko na uchaga juu ya moto: fito zimelazwa, moshi unapita. Hapo hukaa mahindi ya mbegu, samaki waliokaushwa, vikapu na ungo. Moshi unafukuza wadudu, na kitu kikavu kinabaki kikavu. Vyombo vya kula havikai huko, vitajaa masizi. Kila kimo na wapangaji wake.

Pwani ya Waswahili, mtu alikuwa na susu: wavu ama kikapu kinaning'inia darini na kamba, dishi inakaa ndani, panya anabaki akiangalia. Kwa singo yako, kulabu moja darini na kikapu cha waya ni susu tayari. Weka vitunguu, viazi, ama zile vikombe hazina nyumba. Na ukienda nyumba za zamani za Lamu utaona zidaka, yaani vijumba vidogo vimechongwa ndani ya ukuta wa plasta, vikipangwa vyombo vya kauri. Ukuta ulikuwa rafu kabla fundi wa kabati azaliwe.

Majuu pia walifika hapo. 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko ya nyumba za bei nafuu za Frankfurt, upana karibu mita 1.9 na urefu mita 3.4, na ndani yake droo za alumini za vitu vikavu kama mchele, kila moja na jina lake. Jiko karibu 10,000 za hiyo aina zilijengwa. Kumbe hiyo mambo ya kila kitu na jina lake ilikuwa kwa keja za watu wa kawaida kitambo. Na kule Cambridge, Massachusetts, mpishi Julia Child alitundika sufuria zake kwa ubao wenye matundu, mumewe Paul akachora umbo la kila moja ubaoni, ndio kila chombo kirudi kwa kivuli chake. Hiyo jiko sai iko kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington.

Hiyo trik ya mchoro ni ya bure kabisa. Chukua makaa, chora ukutani umbo la kikaango, piga msumari juu. Kikaango ikikosa, mchoro uko wazi, na mwenye alitumia anajulikana. Kwa keja ya kupanga, kama landlord hataki misumari, chukua ubao mmoja, piga misumari kwa ubao, uegemeze ukutani. Ukihama unahama nao.

Tubonge pia ile vitrini. Sebule nyingi za Baraka, sawa tu na za Nairobi na Kigoma, ziko na kabati ya kioo: sahani za maua, gilasi, termosi mbili, vitambaa vya kushonwa na mkono juu. "Iyo ni ya wageni." Mtoi akigusa, ni vita. Sina shida na heshima ya mgeni, mgeni lazima ale kwa sahani nzima. Lakini kama familia inakulia bakuli imepasuka na sahani kumi na mbili ziko kwa kioo miaka, vitrini imekuwa makumbusho. Acha sita za wageni. Zile ingine zishuke zifanye kazi.

Ile kubwa si lazima ilale kwako

Hapa ndio naona Ubwari wanatuacha mbali. Sufuria ya kupikia watu mia, ya harusi ama matanga, mara nyingi haiwekwi kwa nyumba ya mtu. Inakaa kwa kanisa, kwa msikiti, ama kwa kikundi cha wamathe. Ikitakikana, inaazimwa. Kinu pia huzunguka. Ungo pia. Jirani ndio stoo.

Kikundi chenyewe mara nyingi ni likelemba: kila mama anatoa kitu kidogo, zamu ikifika kwako unabeba. Kenya tunaiita chama, na wamathe wetu wamenunuliana sufuria na termosi kwa hiyo njia tangu kitambo. Wasee wa plot moja wakifanya hiyo kitu, maisha inakuwa rahisi: mmoja awe na sufuria ya pilau, mwingine karai ya mandazi, mwingine blenda, mwingine mashine ya chapo. Hakuna mtu analala na karai ya kutumika Krismasi pekee.

Lakini kuazimana kuna sheria. Chombo kinawekwa alama: herufi za jina zimepigwa na msumari chini ya kitako, ama rangi kwa ukingo. Kinarudi kimeoshwa, nje na ndani. Kinarudi na mfuniko wake. Na kama kimepata shimo, unasema wewe kabla mwenyewe aone. Mtaa wenye watu wanafuata hizo, keja zao ziko na nafasi.

Sasa keja yako

Chagua Jumamosi moja, toka mangware, fanya hivi:

1. Toa vyombo vyote nje, weka kwa mkeka ama shuka. Usianze kupanga kitu bado.

2. Osha zote, geuza, acha jua likaushe. Zikikauka, ndio unaangalia zipi zina shimo, zipi hazina mfuniko, na ipi ni ya jirani.

3. Gawa mafungu matatu: ya kila siku, ya kila wiki, ya mara moja kwa mwaka. Ya kila siku inakaa kati ya kiuno na macho. Ya wiki inakaa juu ya hapo. Ya mwaka inatoka kwa keja: iazime, iuze, ama ipeleke kwa mathe ushago.

4. Laza sufuria ndani ya sufuria, simamisha mifuniko, ning'iniza mwiko na kikaango. Sufuria ya samaki ipewe kona yake.

5. Inua kila kitu kutoka sakafuni, hata kama ni tofali mbili na ubao. Meko ya gesi peke yake ndio ina ruhusa ya kukaa chini, na ikae mahali pa hewa.

6. Usinunue kitu cha kuhifadhia hadi umalize hizo tano. Wengi wakifika hapa wanapata hawahitaji.

Hii fom haitakugharimu zaidi ya misumari ya finje na kreti ya kuomba kwa duka. Wamathe wa Ubwari wameiendesha bila kabati, bila stima, na ziwa likiwapandia mlangoni, na dishi ikatoka safi. Wewe una ukuta nne na maji ya mfereji siku zingine. Sababu ya kulaza sufuria chini imeisha. Anza na kuinua. Na kama kuna sufuria ya jirani hapo kwako, irudishe leo, ikiwa na mfuniko wake.